Saa Moja na Nusu ya Mjomba Wako

Kabula mwanangu,

Ungekuwa mbali ningeanza kwa kukuuliza hali, halafu niseme sisi huku wazima, wasiwasi ni juu yako. Lakini uko humo chumbani, nyuma ya pazia. Nakusikia ukimcheka mama yako kwa jinsi anavyolifunga sanduku lako kwa kamba ya katani, kana kwamba humo ndani kuna mbuzi. Hali yako naijua. Yangu ndiyo hamuijui, maana tangu Jumapili sijakuambia neno la kweli humu nyumbani ila "nipeni maji" na "fungeni mlango, mbu wanaingia". Nimekaa hapa nje juu ya jiwe letu, jua bado liko juu ya ziwa, na kalamu nimeiazima kwa jirani. Mkono huu umezoea marobota ya pamba; kalamu naiona kama unyasi. Vumilia mwandiko.

Mambo ya sabuni, ya kuchemsha maji na ya kumwamkia mlezi wa bweni shikamoo kila asubuhi, mama yako ameyamaliza. Kama kuna lililobaki atalisema kesho njiani. Mimi nina jambo moja tu, nalo si la kujivunia. Nina wivu. Nakuonea wivu wewe kwa kupanda ndege. Namwonea wivu mjomba wako Luhende kwa kukununulia tiketi. Hata hiyo ndege yenyewe naionea wivu, kwa sababu itakaa na wewe saa moja na nusu, na mimi nilikuwa nimejiwekea siku mbili.

Mpango wangu uliujua tangu chuo cha uuguzi kilipokuita. Tungepanda treni pamoja, mimi na wewe, daraja la tatu, jioni ya kesho. Ningekusindikiza mpaka Kidete, kwetu nilikozaliwa, halafu wewe ungemalizia peke yako kile kipande kinachobaki mpaka Dar es Salaam. Treni inafika Kidete usiku wa pili. Haikai. Gadi anashuka, anapiga soga mbili tatu na mkuu wa stesheni, anapuliza filimbi, imeondoka. Kwa sisi tuliozaliwa kando ya reli, huko kusimama kidogo ndiko kutembeleana kwenyewe. Ndugu yako akiwa anapita kwenda Dar au kwenda bara, unapelekewa habari mapema, unakuja stesheni na ulicho nacho, unamtafuta dirishani, mnashikana mikono, mnapeana vitunguu na habari za misiba, basi. Nina binamu niliowajua utoto wangu wote kwa vichwa na mabega tu. Miguu yao mpaka leo sijui ilikuwaje.

Bibi yako, mama yangu, hajakuona hata mara moja. Anayo ile picha uliyopigwa siku ya kipaimara, umekunja uso kama hakimu. Nilimpelekea habari ya safari yetu kwa gadi mmoja tuliyezoeana tangu nilipokuwa nafanya kazi reli. Gadi akarudi na jibu: "Mama anasema atakuja na taa. Atamulika dirisha moja moja mpaka auone uso wa mtoto. Anasema mtoto asilale."

Basi kesho kutwa usiku bibi yako atakuwa pale stesheni na taa yake, na wewe utakuwa umeshalala usiku mmoja Dar es Salaam. Gadi yule hayuko zamu, na hata angekuwepo, habari ya pili isingemfikia bibi kabla ya treni yenyewe kufika. Hilo ndilo linalonikaba. Mengine yote ni matawi ya mti huo.

Jumapili ulikuwepo, lakini ulikaa upande wa wenye furaha, na mtu wa upande huo haoni vyote. Acha nikusimulie nilivyoiona mimi.

Nilikuwa nanoa kisu. Nikasikia honi huko chini barabarani, maana pikapu haipandi huku kwetu kwenye mawe ya Igogo, hapa Mwanza. Kisha ile sauti ya Luhende:

"Shemeji! Shuka tunywe soda!"

"Panda wewe," nikamjibu. "Mwenye nyumba haitwi kama muuza karanga."

Akapanda, anahema, viatu vina tope la foleni ya kivuko cha Busisi, maana alikuwa anatoka Geita kununua dhahabu kwa wachimbaji. Mama yako akampigia goti kaka yake, akamfutia kiti. Kiti changu. Mtu ambaye nimembeba mgongoni akiwa mlevi siku ya harusi yangu, leo anakaa kwenye kiti changu na mimi nasimama na kisu mkononi kama mchinjaji aliyekodiwa.

"Mpwa wangu, Dar unakwenda lini?" akakuuliza.

"Alhamisi, mjomba. Na baba. Kwa treni."

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Treni ya shemeji? Ile inasimama mpaka kuku apande. Inamsubiri aliyekwenda kuchimba dawa mpaka arudi na kunawa. Muuguzi mzima ukafike chuoni unanuka dagaa wa watu?" Akatoa bahasha kwenye mfuko wa shati. "Haya. Saa moja na nusu. Unafunga mkanda, wanakupa soda, hujaimaliza, Dar hiyo."

Mama yako akasema, "Kaka, wewe unatania." Alipoona hatanii akapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia. Wewe ulishika ile bahasha kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kifaranga.

Nikasema, "Bibi yake anamsubiri Kidete."

Luhende akanitazama kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi kuliko kicheko. "Bibi atamwona, shemeji. Likizo zipo nyingi."

"Tiketi za treni nimeshakata."

"Nitakurudishia."

Angenitukana ingekuwa nafuu. Hapo nikafanya jambo ambalo mtu mzima hafanyi. Nikakugeukia wewe. Nikasema, "Kabula, chagua." Ukaangalia miguu yako. Mama yako akasema, "Baba Kabula, acha hayo, mtoto hapewi mzigo wa namna hiyo." Nikasema tena, "Chagua." Na wewe ukasema kwa sauti ndogo, lakini bila kukwama, "Baba, mimi nataka kupanda ndege."

Nikaondoka bila kula. Wali wa Magu na yule kuku niliyekuwa namnolea kisu niliwaachia. Baadaye nilijuta, nikuambie kweli, na nilijuta kwa sababu ya njaa. Adabu ilikuja nyuma.

Tena haikuja mapema. Jumatatu ndiyo siku niliyokutisha. Nilikukuta unaosha vyombo, nikajifanya napita, nikasema masikio ya watu hupasuka wakiwa juu. Nikaona umeacha kusugua sufuria. Nikaongeza: wengine hutokwa damu puani, na ndege ikiingia kwenye wingu inadondoka kama tofali kabla ya kujishika tena. Mwanangu, mimi ndege nimeiona kwa chini tu, tumbo lake. Ndani yake sijui pakoje. Yote niliyatunga pale pale nikiwa nimesimama, na yalinitoka kwa urahisi mpaka nikajishangaa. Uliingia ndani umebadilika uso, na mimi nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi. Nilidhani utasema, "Baba, twende na treni." Jioni ukarudi kutoka dukani kwa mjomba wako, kule Buzuruga, unatafuna na kucheka. "Mjomba anasema masikio yakiuma nitafune jojo." Neno moja la Luhende lilifuta uongo wangu wa mchana mzima.

Ulipokuwa mdogo uliwahi kuniuliza Dar es Salaam ni mbali kiasi gani. Nikakuambia: unalala, unaamka, unalala tena, unaamka, ndipo unaiona bahari. Ukaipenda hiyo. Ukawa unawatambia wenzako kwamba Dar ni "lala mbili", na Shinyanga ni "nusu lala". Kwa reli ni zaidi ya kilomita elfu moja na mia mbili, kwa sababu inazunguka kupitia Tabora kama mtu aliyesahau kitu. Kwa angani wanasema ni kama mia nane na ushee, inakata moja kwa moja. Ndani ya hizo mia nne zinazopungua ndimo watu wangu wote wanamoishi. Nilikuwa na mengi ya kukuambia humo. Nilikuwa nimeyapanga kwa stesheni. Ya mama yako na jinsi nilivyompata ningekuambia kabla ya Shinyanga, kukiwa bado na mwanga. Ya kazi, Tabora asubuhi, tukinunua asali dirishani. Ya aibu ningeyaweka baada ya Dodoma, gizani, ambako usingeniona uso. Saa moja na nusu haitoshi hata kwa maharage. Mama yako akiinjika chungu wakati unapaa, utakuwa umeshashuka na hayajaiva. Mtu atasema nini katika muda huo? Ndiyo maana nimechukua karatasi, na ya aibu nayaandika kabla jua halijazama.

Sasa nikuambie kwa nini neno mjomba linanichoma. Wewe umekulia Usukumani, ambako ng'ombe wa mahari wakishatoka, mtoto ni wa baba, maneno yamekwisha. Kwetu Ukaguruni haikuwa hivyo. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mkubwa wa mambo yake ni mjomba. Baba ni mtu mwema anayelala nyumba hiyo. Mjomba ndiye husema usome au usisome, uolewe wapi, ukiugua upelekwe kwa nani. Siku hizi kamba hiyo imelegea, lakini nilipokuwa mdogo ilikuwa imekaza.

Mimi nilikuwa na mjomba wangu. Niko darasa la tano, siku moja akaja nyumbani, akasimama mlangoni, hakukaa hata kidogo. Akamwambia mama, "Huyu aje anisaidie vitunguu. Shule imemtosha." Baba yangu alikuwa amekaa pale pale anachonga mpini wa jembe. Hakuinua kichwa. Nilimkodolea macho nikingoja aseme neno moja, hata la uongo. Alichonga mpaka mpini ukaisha, akaupitisha kiganja kuona kama una miiba, akaanza kutafuta jembe la kuutia. Siku ile niliapa kwamba mimi nikizaa, akija mtu mlangoni sitachonga mpini.

Ndiyo maana nilikimbia vitunguu, nikaingia kwenye genge la reli. Tulikuwa tunabadilisha mataruma chini ya reli, tunasogea magharibi kidogo kidogo, tunalala kwenye mahema. Wengine walikuwa wanahesabu umbali wa kurudi kwao. Mimi kila tuliposogea nilipumua. Reli iliishia ziwani hapa Mwanza, na mimi nikaishia hapo. Nilipompata mama yako nikaambiwa mahari ni ng'ombe, tena si haba. Watu walinihurumia. Hawakujua kwamba nilikuwa nacheka moyoni. Nilifanya kazi ya mchana na ya zamu, nikala mhogo miaka, nikawanunua mmoja mmoja, nikawaswaga mpaka Magu kwa wakwe. Babu yako aliwapapasa migongo, akawafungua vinywa kutazama meno, akasema, "Haya, watoto ni wako." Nikamwomba arudie. Watu wakacheka, wakadhani Kisukuma kinanipiga chenga. Nilikuwa nimesikia vizuri. Nilitaka kulisikia tena.

Sasa unaelewa Jumapili. Mjomba alikuwa mlangoni. Hakuja kukutoa shule, alikuja kukupeleka, lakini sikio langu halikuchagua. Lilisikia sauti ile ile ya zamani. Nikakumbuka kiapo, nikainuka kupigana na mtu aliyekuja na zawadi.

Kama mambo yangeishia hapo ningekuwa na haki kidogo, na barua hii ingekuwa fupi. Lakini kuna jingine, na hili mama yako analijua nusu.

Nilipokuwa mwajiriwa wa reli tulikuwa na pasi. Kila mwaka mfanyakazi anapanda treni bure, yeye na mke na watoto wake, anakwenda kwao na kurudi. Wenzangu waliipigania pasi kama mshahara wa pili. Mimi pasi zangu zilizeeka. Mwaka huu wewe una surua, mwaka ujao mama yako mimba imemtoka, mwaka mwingine mvua imechukua tuta la reli huko huko kwetu, na nikashukuru mvua. Kila mara nilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Lakini sababu yenyewe ilikuwa inakaa Kidete, inaitwa Ester. Huyo ni dada yangu, shangazi yako. Ana watoto. Na kwa mila ile niliyoikimbia, mjomba wao ni mimi.

Mtoto wake wa kwanza ni Yoramu. Aliwahi kufaulu kwenda sekondari. Ester akamtuma mtu wa treni aniambie: "Kaka, Yoramu ameitwa shule, tunakungojea wewe useme." Hakuomba kitu kingine, na hakuwa na haja. Mimi hapa nikajisemea kwamba mambo ya wajomba niliyaacha, hapa ni Mwanza, kila baba abebe wa kwake. Yule mtu wa treni akaniuliza, "Nikamwambie nini?" Nikasema, "Mwambie nitaleta jibu mwenyewe." Sikuleta. Pasi ilikuwa kwenye kabati, imepigwa mhuri. Yoramu akaingia kwenye vitunguu. Mimi nilinyang'anywa shule na mjomba aliyesimama mlangoni. Yoramu alinyang'anywa na mjomba ambaye hata mlangoni hakufika.

Kisha yakaja mageuzi, kazi zikapunguzwa, jina langu likasomwa, na pasi ikafa siku hiyo hiyo. Tangu hapo ni kibarua kwenye ghala la huyu mnunuzi binafsi wa pamba. Nauli ikawa ya kununua, nami nikapata sababu mpya, nzuri kuliko zote: sina hela. Nikatulia nayo.

Aliyeniamsha ni Bwire, yule Mjita mwenye mdomo tunayebeba naye. Jana ghalani akaniona nimevimba.

"Mkaguru, leo umenuna nini? Umemeza robota?"

"Shemeji yangu anampandisha mwanangu ndege."

"Ndiyo unanuna? Mimi shemeji zangu wananipandisha presha."

Watu wakacheka. Nikasema, "Amenichukulia mtoto."

"Si ulituambia mwenyewe kwenu mjomba ndiye mwenye mtoto?"

"Nilitoka huko."

"Ulitoka wewe. Mila imekufuata, tena imekuja kwa ndege." Wakacheka tena, wengine wakatua mizigo ili wacheke vizuri. Bwire akainama nimtwike robota, halafu akauliza vivi hivi, kama mtu anayeuliza saa: "Na wewe ni mjomba wa nani?"

Nikanyanyua robota langu nikalibeba mpaka mwisho wa ghala, ambako halikutakiwa. Ikabidi nilirudishe.

Tangu jana nimemtafuta Luhende kasoro. Najua anapenda kuonekana. Najua atawaambia watu wa Geita wote kwamba mpwa wake amepaa. Najua hakumfikiria bibi yako hata kidogo. Yote hayo ni kweli na hayanisaidii. Kinachoniuma ni kwamba ile kazi anaifanya, tena vizuri, na hakuna mila yoyote inayomlazimisha. Mimi nililazimishwa na mila, na damu, na pasi ya bure, nikakataa. Wivu wangu kwako nitaumaliza siku moja. Mtoto akimpita baba ni jambo la kupendeza likishapoa. Wivu wangu kwa Luhende sina uhakika nao. Labda nitakufa nao.

Kwa hiyo usidhani kwamba kwa kuwa ni saa moja na nusu basi utakuwa karibu. Mimi nilikuwa na treni ya bure inayopita mlangoni kwa mama yangu, na bado nilikuwa mbali naye kuliko mtu aliye ng'ambo ya bahari. Ukiwa huko, siku moja utapata likizo na utasema, ah, Mwanza si hapo tu, nitakwenda ijayo. Utakuwa na sababu na itakuwa ya kweli. Sikukatazi. Nakuambia tu kwamba naijua ladha yake, ni tamu, haina mwiba, na mtu anaweza kuila miaka mingi bila kujua anakula nini.

Na ukitua, najua utampigia simu mjomba wako kwanza, maana yeye ndiye mwenye simu. Mpigie. Mshukuru. Lakini usimwambie ilikuwa tamu mno. Mwachie kidogo akisie.

Mimi pia nitamshukuru kesho. Nimejaribu kulisema neno hilo peke yangu, linatoka kama mfupa wa sangara. Amesema nikae naye mbele kwenye pikapu mpaka uwanja wa ndege. Nimekataa, nitakaa nyuma na sanduku lako. Usinihurumie, napenda upepo. Na hapo mbele ningekuwa karibu naye mno kabla neno halijawa tayari.

Tiketi yako ya treni nimeirudisha. Yangu sijairudisha. Leo mchana nilimwambia mama yako, wewe ulikuwa umekwenda kusuka. Alikuwa anaokota mawe kwenye mchele.

"Utarudi?" akauliza.

"Nitarudi. Sijui treni ya lini."

"Na kibarua?"

"Pamba haitaisha."

Akaendelea na mchele. Kisha akasema, "Mpelekee mama dagaa. Wale wa jua, wasioharibika." Ameshawafunga. Hiyo harufu uliyouliza inatoka wapi ni hiyo.

Kwa hiyo kesho asubuhi wewe utapaa, na jioni mimi nitapanda. Utakapokuwa unalala kwenye kitanda cha chuo usiku wa kwanza, mimi nitakuwa bado sijafika Tabora. Zawadi ya Yoramu sina. Sasa ni mtu mzima, shule imempita, na sijui mtu humpa nini mtu mzima uliyemchelewesha. Nitakaa nimuulize. Kama atanitukana, nitakaa asikie kwamba namsikia. Vitunguu navijua kulima, hilo mjomba wangu alinifundisha vizuri.

Bibi yako ataniuliza, "Mtoto yuko wapi?" Nitasema yuko Dar es Salaam, amefika zamani, kapelekwa kwa ndege. Ataniuliza, "Na nani?" Nitasema, "Na mjomba wake." Kwa mwanamke wa kwetu hilo ni jibu kamili, halina swali nyuma yake. Atakosa kukuona na bado atafurahi, atasema mtoto ana mjomba, na furaha yake itaniuma, nakuambia kabisa. Halafu atamtazama Yoramu, ambaye atakuwa amemsindikiza stesheni usiku huo, maana hakuna mwingine wa kumsindikiza. Gadi atapuliza filimbi, wenye safari watarudi ndani ya mabehewa, na mimi nitakuwa chini pamoja nao.

Nenda, mwanangu. Funga mkanda kama walivyosema.

Ni mimi baba yako,
mjomba wake Yoramu.